Chukudu kwenye Njia ya Mikokoteni

Mwaka ule binti yangu alipofundishwa shuleni habari za mikokoteni ya ng'ombe, mimi nilikuwa nimeshaanza kufunga mizigo ya kuhama akilini. Tulikaa Crystal, mji mdogo huku Amerika, ghorofa ya pili, na dirisha la jikoni lilitazama barabara. Kila gari lililopita lilinikera, kwa sababu lenyewe lilikuwa na mahali pa kwenda.

Njia ya mikokoteni hiyo ilitoka kaskazini ikafuata mto Mississippi hadi Saint Paul. Wafanyabiashara walishuka na ngozi, wakarudi na unga na chai. Baadaye wakaipita watu wenye wake, watoto na vyungu, wakitafuta ardhi kule mbele, magharibi. Ardhi yenyewe ilikuwa na wenyewe, lakini mtu akishapata hamu ya kuhama haulizi. Mwalimu alitupeleka, watoto na wazazi wachache, tukatembea kando ya mto kuiona. Tuliona majani, na watu wa baiskeli wakitupita. Wenzangu walipiga picha. Mimi nilitazama mto unakotokea, nikatamani niendelee tu.

Mtoto wa mama yangu mdogo alikuwa Dakota, magharibi ya kwetu, kwenye kiwanda cha nyama. Kila Jumapili baada ya kanisa alinipigia simu. "Kuja," alisema. "Kazi iko, nyumba iko. Unangoja nini?" Mimi nilikuwa nabeba maboksi katika ghala moja Maple Grove, na nilikuwa nimeichoka sura ya msimamizi wangu. Nikamwahidi kwamba shule zikifungwa tu, tunaondoka.

Mke wangu hakutaka hata kusikia. Tulikuwa tumetoka Goma tukaingia kambi ya wakimbizi, kutoka kambini tukaletwa Texas, Texas tukaiacha tukaenda Iowa, na Iowa nayo tukaiacha.

"Mtembezi hula miguu yake," aliniambia akikoroga sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo.

"Na mkaa bure si sawa na mtembea bure," nikamjibu.

"Basi uende weye na hiyo miguu. Mutoto akianza tu kuzoea masomo, unamuhamisha."

Siku hizo hizo binti alitakiwa kutengeneza mkokoteni mdogo kwa ajili ya maonyesho ya darasa. Nilimwuliza ukoje. Akaniambia ni wa mbao tupu, una magurudumu mawili, hauna chuma, na ulikuwa ukilia njia nzima kwa sababu haukupakwa mafuta. Alitaka kunionyesha picha. Nikamwambia picha ya nini, huo naujua tangu utotoni.

Baba yangu alikuwa fundi wa chukudu. Nani wa Goma asiyeijua chukudu? Ni ubao mrefu na usukani, gurudumu la mbao mbele, jingine nyuma. Unapakia magunia, unaweka goti moja juu, unasukuma kwa mguu wa pili, nayo inalia mpaka sokoni. Nilimchongea binti ya kwake wiki nzima kwenye maegesho ya magari. Sikuwa nimefurahi namna ile tangu tufike Amerika. Hata mke wangu alishuka akaipanda, akacheka.

Jioni ya maonyesho tukaingia darasani na chukudu yetu inayofika kiunoni mwa mtoto. Mikokoteni ya wenzake ilikuwa imejipanga mezani, yote ikiwa na magurudumu mawili ubavu kwa ubavu, na miti miwili mbele ya kumfungia ng'ombe. Nilisimama pale mlangoni kama mtu aliyevaa shati nje ndani. Ng'ombe wangu angefungwa wapi?

Mwalimu alikuwa muungwana, akaisifu kazi. Wazazi wakazungukazunguka, watoto wakaenda kunywa juisi. Binti yangu hakwenda. Alisimama ameshika usukani kwa mikono miwili, maana chukudu haina miguu ya kusimamia. Nyumbani tulikuwa tunaiegemeza ukutani, na kuta za darasa zote zilijaa picha. Mwalimu akamwambia aiache naye akanywe.

Akamjibu kwa Kiingereza, kwa adabu: "Haiwezi kusimama. Isipokwenda, lazima mtu aishike. Lakini niko sawa, nimezoea."

Mke wangu alinitazama. Maneno ya mtoto yaliniuma mpaka nikatoka nje.

Chini ya mti mmoja niliokota kijiti kinene, nikakivunja kwa goti, nikarudi nikakitega chini ya ubao. Chukudu ikatulia.

"Uiachie sasa," nikamwambia.

"Itakaa, Papa?"

"Itakaa."

Akaachia mkono mmoja, kisha wa pili, lakini mikono yote miwili akaiweka karibu nayo kwa muda.

Jumapili simu ya Dakota ilipolia, miguu iliniwasha kama kawaida. Nikampa mke wangu aipokee, yeye ndiye ajibu.