Siku Tuliyopimwa Tukaonekana Matajiri

Paa la nyumba yetu, mtaani Kinama, lilikuwa limetoboka vibaya. Mvua ikinyesha, ndani kunalowa kuliko uani, maana uani angalau maji yana pa kwenda. Mtoto wangu alikuwa anakohoa tangu masika yaanze. Kwa hiyo shefu wa mtaa alipotangaza kwamba watu wa takwimu wanakuja kupima nani anacho na nani hana, na kwamba wa chini kabisa watapewa mabati, niliruka kwa furaha. Kwa umaskini, nani wa kutushinda?

Nilimsahau mama mkwe.

Kwetu mgeni akitangazwa, viti vinatembea. Unaazima kwa jirani, mgeni anakaa vizuri, akiondoka viti vinarudi kwa mwenyewe. Lakini huyo ni mgeni wa harusi au wa msiba, si wa kuhesabu viti! Nilirudi kutoka kisimani nikakuta kochi la jirani limekwama mlangoni kwetu, miguu juu, na mama mkwe analisukuma kwa makalio. Televisheni ilikuwa imeshapita. Frigo nalo lilisimama pembeni, na umeme wenyewe hatuna. Juu, chini ya matundu yote, alikuwa ametandaza kitenge chake cha Pasaka.

"Mama, hawa watu wanatafuta maskini!"

"Umaskini wangu wautafute kwa Mungu," akasema. "Mu salo yangu apana." Sebule, kwake, ndiyo heshima.

Nilitamani kulia. Jirani, mjane mpenda utani, alikuwa ameegemea ukuta anacheka mpaka anashika mbavu.

Mama wa takwimu alikuja na miwani na simu kubwa. Alikaa kwenye kochi, akazama. Akauliza, hii televisheni ni yenu? Nikafungua mdomo, mama mkwe akanikanyaga kidole.

"Ni yetu."

Na frigo? Yetu. Basi mgeni akaomba maji baridi. Yoo! Mama mkwe alifungua mlango wa frigo taratibu, na ndani mlikuwa na viatu vya jirani na mihogo miwili.

"Leo tumeizima," akasema bila kupepesa macho. "Nayo inachoka."

Mama wa takwimu akabonyeza simu yake, akaenda kwa jirani. Huko alikuta mkeka mmoja na kuta tupu. Jirani aliapa kwa jina la Yesu kwamba ana kochi, televisheni na frigo, ila viko kwetu. Yule mama alimhurumia sana, akidhani njaa imeshampanda kichwani.

Kesho yake nilienda Kibenga, mtaa wa matajiri, ninakofua nguo. Nao walikuwa wanapimwa. Bosi wangu aliniagiza nianike mashuka juu ya gari la pili lisionekane, kisha akawapokea wageni amekaa kwenye stuli ya jikoni, amejifunga kitenge changu cha kufulia! Kwa kipimo kile, mimi na yeye tulikuwa karibu sawa. Ningefurahi, kama mshahara wangu nao ungepata habari hiyo.

Mabati yakaja. Jirani akapata. Sisi tulikuwa juu mno. Nililia kweli, si utani, na mama mkwe nilimnunia wiki nzima.

Mvua ilipopiga tena, nilikuwa nasogeza kitanda huku na huku, mama mkwe ameshika sufuria iliyojaa. Jirani akatokea mlangoni, shitingi ya plastiki kichwani, akamtwaa mtoto na kumweka mgongoni.

"Mama, twendeni," akamwambia mama mkwe. "Kochi yenu iko kwangu, mukuje mukae."

Mama mkwe akaweka sufuria chini, akajifuta uso.

"Tunakuja," akasema. "Na ile frigo yetu, unaitunza muzuri?"

Mtoto alilala kwenye kochi lile mpaka asubuhi, mkavu.