Mwalimu Mwenye Koti la Mteja

Nilipelekwa shule nikiwa na miaka saba, nikarudishwa baada ya wiki moja. Sikupigana wala sikuiba. Sikusema, basi. Nikiulizwa jina nilitazama vidole vyangu vya miguu. Mwisho mwalimu alimwandikia baba kwamba mtoto huyu labda ni bubu, akae nyumbani mpaka aweze kusema.

Nyumbani kwetu Kisauni nilisema vizuri tu. Baba alikuwa fundi wa kushona, cherehani yake iko barazani. Yeye mwenyewe alisoma mpaka darasa la nne, akaona hiyo yatosha kufungulia shule. Alitundika ukutani kitambaa cheusi cha bitana, akachukua chaki ya kuchoria nguo, na mimi na mdogo wangu wa kiume tukawa wanafunzi.

Kilichomsumbua ni heshima. Alisema mtoto hawezi kufundishwa na baba yake, kwa sababu amemsikia akikoroma. Lazima mwalimu awe mtu mwingine. Palikuwa na koti la mteja mmoja aliyesafiri bila kulifuata, mikono yake bado imeshikizwa kwa uzi mweupe. Baba akilivaa koti lile alikuwa mwalimu. Akilivua, akabaki na msuli kiunoni na fulana, alikuwa baba.

Asubuhi tulimwamkia baba, shikamoo, marahaba, tukanywa chai naye. Kisha tulitoka kwa mlango wa uani, tukazunguka nyumba na vibao vyetu vya kuandikia, tukapiga hodi barazani. Mwalimu alitutazama kama hajapata kutuona. Tukamwamkia upya. Kumwita baba pale barazani lilikuwa kosa, na adhabu yake ilikuwa kuokota pini zote sakafuni.

Mama alikuwa akipita na sufuria.

"Mwalimu, ukimwona mume wangu mwambie mihogo imeiva."

"Nitamfikishia," alijibu bila kugeuka.

"Na mwambie asije kula na koti la watu, litaingia mchuzi."

"Bibi, wasumbua darasa."

Siku moja mdogo wangu alilala juu ya hesabu za suruali. Hesabu zetu zote zilikuwa za suruali. Mwalimu alimwamsha, akamwambia, "Kesho usije bila mzazi wako."

Jioni tukila, mdogo wangu alisema kwa sauti ndogo, "Baba, mwalimu akuita shule kesho."

Baba aliweka tonge chini. "Umefanya nini?"

"Nililala."

"Wanitia aibu mbele ya mwalimu wako," akasema, na wallahi alikuwa amekasirika kweli.

Asubuhi alikaa na msuli wake kwenye kigoda cha wateja, akaomba radhi kwa kiti kitupu cha mwalimu. Kisha akasimama, akavaa koti, akakaa kwenye kile kiti na kuipokea radhi. Mama alikuwa dirishani, leso ameitia mdomoni.

Nilipofika miaka kumi na mmoja, Uhuru ukiwa karibu, mwalimu alitutangazia kwamba alichokijua kimekwisha. Baba akaenda kuongea na mwalimu mkuu wa shule moja upande wa Junda. Yule bwana alikubali kunijaribu mara moja tu. Nikisema, nitaingia darasa la tano. Nikinyamaza, nirudi nyumbani na nisiletwe tena, maana umri ulikuwa unanipita.

Siku hiyo baba alivaa lile koti, kwa heshima. Hapo ndipo alipokosea.

Niliandika hesabu nilizopewa, zote zikawa sawa. Mwalimu mkuu akavua miwani. "Sasa nijibu kwa mdomo. Huyu aliyekuleta ni nani?"

Nilitazama vidole vya miguu. Baba alikohoa, lakini hakunisaidia. Nilijua nikinyamaza nitarudi kwenye pini maisha yangu yote. Nikainua macho, nikaliona koti.

"Mwalimu wangu," nikasema.

Mwalimu mkuu alimgeukia baba. "Wewe ulinambia u babake."

Kisha akanigeukia mimi.

"Na babako yuko wapi?"

"Yuko nyumbani, amevaa msuli." Niliogopa mwalimu wangu asije akaonekana mwongo, kwa hiyo nikaendelea, wala sijui nilipata wapi maneno. "Baba ni fundi. Huyu ndiye anayetufundisha. Wao hawaonani, isipokuwa mtu akilala darasani."

Mwalimu mkuu alitazama uzi mweupe begani mwa baba. "Nataka sahihi ya mzazi," alisema mwisho. "Ya mwalimu haifai."

Baba alisimama. "Ni haki. Nitamwita."

Akatoka. Dirishani nilimwona akilizunguka jengo huku akihangaika kuvua koti, mkono mmoja ukachomoka mzima kwenye uzi wake. Kisha tukasikia hodi.

"Karibu, mzee," alisema mwalimu mkuu. "Mwalimu wa bintiyo ametoka sasa hivi."

"Nimepishana naye," baba akajibu, koti likiwa kwapani.

Akatia sahihi. Kando ya jina langu mwalimu mkuu aliandika neno moja: Anasema.

Njiani nililia. Baba akaniuliza nalia nini, na shule nimepata. Nikamwambia mwalimu ameondoka nami sikumuaga.

Hakucheka. Alitembea hatua chache, akalihamishia koti kwapa la pili.

"Nitamfikishia," akasema.