Fonii Iliyowekwa Juu ya Moto

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa kugusa hata waya mmoja. Shefu wa kituo cha redio cha Masisi, mtu mfupi aliyevaa koti la sufu hadi mchana kwa sababu ya baridi ya milima yetu, alinikalisha mbele ya aperey, mashine ya redio, iliyozimika, akasimama nyuma yangu.

"Unaona nini?"

"Iko imekufa, Shefu."

"Haiyakufa. Umeuliza kama imekula?"

Nilidhani ananichezea. Kumbe hilo ndilo lilikuwa somo lote, na mengine niliyojifunza baadaye yalikuwa matawi yake. Mashine isiyowaka usiifungue tumbo kwanza. Uliza kama umeme unaifikia. Anzia kwenye batri, ufuate njia ya umeme hatua kwa hatua kama mtu anayefuata mfereji shambani, mpaka ufike mahali maji yanapokatika. Kwa kazi hiyo Shefu alinipa kitaa cha tochi, balbu ndogo yenye nyaya mbili fupi. Ukigusisha nyaya hizo mahali penye umeme, kitaa kinawaka. Kikikataa, umepata ugonjwa, au uko jirani yake.

Ninyi mliozaliwa na simu mkononi, niwaeleze fonii ilikuwa nini. Ilikuwa redio ya kusema na kusikia, sanduku la chuma zito kama gunia la maharage, likila umeme wa batri kama ile ya lori. Ndani yake mlikuwa na taa za kioo ambazo lazima zipate joto kwanza ndipo sauti itoke. Miaka ile ya mwanzo wa uhuru barabara zilikuwa mbovu, na mvua ilikuwa ikikata vilima vipande vipande. Mtu wa Walikale alimfikia mtu wa Masisi kwa sauti kabla ya kumfikia kwa miguu. Sisi mafundi tulilinda sauti hiyo.

Kutoka Masisi nilipelekwa Bweremana, ufukweni mwa ziwa, chini ya mkaguzi mpole aliyependa samaki kuliko redio. Huko nilijifunza kuuogopa unyevu. Niliona aperey mpya ikiota kutu ya kijani ndani ya msimu mmoja, waya zake zikioza kama kamba ya mbuzi. Mkaguzi alinifundisha kuzifuta na kuzikausha juani, jua likiwepo. Kisha wakanipeleka Walikale, ambako jua lenyewe linaomba ruhusa kwa miti.

Ya Walikale ndiyo ninayotaka kuwaachia.

Asubuhi moja alikuja mjumbe kwa baiskeli. Fonii ya dispansari ya msituni, ng'ambo ya mto, ilikuwa imenyamaza. Nilibeba vifaa vyangu, nikatembea bila kupumzika, nikafika nimelowa hadi mifupani. Infirmier wa pale, muuguzi kijana mwenye sauti ya kuamrisha, alinikimbilia uwanjani.

"Fundi, umeletwa na Mungu! Adela iko na uchungu tangu jana. Mutoto amekaa vibaya, mimi siwezi. Daktari iko Walikale na jeep yake, lakini nitamuitaje?"

Kituo cha Walikale kilisikiliza redio za porini asubuhi na alasiri tu, kisha kilizima ili kutunza batri. Alasiri ilikuwa imeshafika. Saa ile ikipita, Adela angesubiri mpaka asubuhi, na macho ya infirmier yaliniambia kwamba Adela hana asubuhi ya kungojea. Tulimsikia chumba cha pili. Alikuwa ameacha kulia, akawa anaguna tu.

Niligusisha kitaa kwenye batri. Kikawaka vizuri. Nikagusa mwisho wa kebo, kikawaka tena. Imepelekewa chakula, basi. Shida iko mdomoni. Nikafungua mfuniko, na hapo nikashikwa na njaa. Nawaambia kweli: aperey ilinukia nyama ya kukausha.

"Hii kitu ilikuwa inakaa wapi?" nikauliza.

Akajibu mwanamke aliyesimama mlangoni, miguu imevimba, kitambaa cha kichwa mkononi. Alikuwa Mama Feliciana, mpishi wa dispansari, tena mama mzazi wa Adela.

"Kwa utara, Papa."

Utara ni kichanja cha fito juu ya moto wa jikoni, ambako watu wa msitu ule hukaushia nyama na kutunzia mbegu.

"Umechoma fonii ya Leta, ya serikali, sawa nguruwe ya pori!" infirmier akapaza sauti.

"Siyaichoma! Mvua ilikuwa inaingia mu biro, mu ofisi yako, na weye ulikuwa unalala. Pale juu njo kila kitu inaponaka. Mbegu inapona, nyama inapona, hata kikapo yangu ya ndoa iko pale. Nikasema, hii kitu ya bei nayo ipone." Kisha akanigeukia, sauti ikashuka. "Fundi, uniambie. Ni mimi njo naua mutoto wangu?"

"Mama, ungoje kidogo. Bado ninaiuliza."

Nikaendelea na kitaa. Kabla ya fizibu, ule uzi mdogo unaoungua ili mashine isiungue, kiliwaka. Baada ya fizibu, giza. Nikaichomoa fizibu: uzi wake mzima. Lakini vishikio vyake vya shaba vilikuwa vimepakwa masizi na mafuta, weusi unaong'aa kama sufuria ya ugali. Umeme ulikuwa unafika mlangoni na kukuta mlango umesilibwa.

"Lete spiriti na kitambaa," nikamwambia infirmier. Akakimbia. Nikasugua hadi shaba ikacheka. Nikarudisha fizibu, nikawasha. Taa nyekundu ya mbele ikafunguka kama jicho, lakini mlio hakuna. Kulikuwa na kidude kinachotetemeka ndani, ndicho kinachoupandisha nguvu umeme wa batri. Nacho kilikuwa kimegandana. Shefu wa Masisi aliwahi kunionyesha dawa yake. Nikakipiga kidogo kwa mpini wa bisibisi, kama unavyomgusa bega mtu aliyesinzia kanisani.

Kikanguruma.

Tukangoja taa za kioo zipate joto. Mama Feliciana alikuwa ameshika ukuta.

"Walikale, Walikale, hapa dispansari ya ng'ambo ya muto. Munanisikia?"

Upepo tu. Nikarudia. Upepo. Nikaita mara ya tatu.

"Ninakusikia, fundi. Tulikuwa tunafunga. Sema mbio."

Wanaume wa kijiji walimbeba Adela kwa tipoyi, kiti cha fito mabegani, hadi mtoni. Jeep ya daktari iliwangoja upande wa pili. Mama Feliciana hakuweza kuwafuata kwa miguu ile, akabaki karibu na fonii kama mtu anayekesha na mgonjwa. Asubuhi, saa ya kusikiliza, sauti ya Walikale ikasema Adela ni mzima, na mtoto ni wa kike, naye ana hasira.

Mama Feliciana akakaa chini palepale, akacheka huku machozi yakimshuka.

"Waambie wamupatie supu. Ya moto! Daktari hajuake mambo ya supu."

Siku ile niliisafisha aperey yote, na ndipo nikaona la kunishangaza. Chini ya masizi, kila kitu kilikuwa kikavu. Hapakuwa na kutu ya kijani, hata waya mmoja haukuoza. Aperey za posta nyingine, yaani vituo vingine vya fonii, zilizolala ofisini kwa heshima, zilikuwa zinaoza. Ile ya utara ilikuwa chafu, lakini nzima. Nilimweleza Shefu wa Masisi kwa fonii.

"Kwa hiyo tuzipike zote?" akauliza, na kicheko chake kikakatika-katika hewani.

"Hapana, Shefu. Joto tunataka, moshi hapana."

Mimi na Mama Feliciana tulitengeneza rafu nyuma ya ukuta wa jiko, mahali udongo unapokaa na joto siku nzima bila moshi kupita. Infirmier mwenyewe ndiye aliyepigilia misumari, naye aliomba radhi kwa njia yake: alimsifia mama yule ugali wake mara tatu. Posta nyingine za msituni zikafuata, na mvua za miaka iliyofuata hazikutunyamazisha tena.

Sasa nimestaafu, ninalima maharage Bihambwe. Adela bado yuko hai, na nikimkumbuka ninawashukuru kwa pamoja Shefu aliyenizuia kushika waya, mkaguzi wa ziwani, na mama aliyetunza mali ya wengine kama mbegu yake. Vijana huniletea ordinateri zao, yaani kompyuta, zisizowaka. Ya ndani yake siyajui. Lakini ninawauliza: imekula? Inalala wapi? Nani anaishi nayo, na mvua ilinyesha lini? Wanacheka kwanza, kisha wanaanza kusimulia, na mara nyingi katikati ya maneno yao wanainuka wenyewe kwenda kuangalia waya. Mimi ninabaki kwenye kiti changu, ninasikiliza kama inawaka.