Shangazi Mpima Hewa

Jirani yetu, mpima hewa, ukimuuliza habari za mvua hakujibu kwa mdomo tu. Anaweka kikombe chake chini, anajifuta viganja kwenye sketi, kisha kiganja cha kushoto kinakuwa hewa ya chini, yenye joto na unyevu, na cha kulia kinakuwa hewa ya juu. Cha kulia kikimfunika mwenzake vizuri, unyevu hauna pa kupandia, mvua hainyeshi. Sauti yake wakati huo ni ya mtu anayebembeleza mtoto alale. Kaka yake, aliyekuwa akimwoza binti yake uani, alivitazama viganja hivyo, akaridhika, asikodi turubai.

Siku yenyewe, chakula ndiyo kwanza kinapakuliwa, wingu likaumuka juu ya paa kama unga uliotiwa hamira. Kaka mtu akamjia mbio. "Dada, si ulisema imetulia?"

"Ilikuwa imetulia. Kifuniko ndiyo hicho kimepasuka."

"Kizibe basi, nina wakwe hapa!"

Naye, mbele ya wakwe hao, akainua mkono akaikandamiza mbingu. Wifi zake wawili wakamsaidia. Mvua ikashuka yote. Watu wakakimbilia jikoni na viti vichwani. Yeye akabaki uani, kalowa chapachapa, anacheka peke yake. "Jamani, njooni mwone wingu linavyopanda!"

Aliyetoka ni bibi harusi tu, wanja ukimchuruzika hadi kidevuni. Alitazama juu kitambo, mdomo wazi.

"Shangazi," akasema, "mbona miaka yote hukuniambia ni zuri hivi?"