Kioo Cheusi cha Kompyuta ya Mama

Ninafuta kosa katika wasifu wa marehemu mume wangu, na harufu ya raba inanirudisha Kitengela, katika duka la mama la kupiga chapa. Kompyuta ilinguruma, lakini kioo kilibaki cheusi. Ndani ya kompyuta mlikuwa na wasifu wa mzee wa kuzikwa kesho yake, na mjane wake, bibi wa Kimaasai, alikuwa ameketi akiusubiri. Mama alichomoa kadi ya memori, akaisugua meno yake ya chuma yaliyochafuka kwa raba yangu ya shule.

"Wacha nitemee hii mashini mate kidogo, ipate baraka," alisema bibi, akiinuka.

"Hapana, koko," mama alisema, akimwita bibi kwa Kimaasai. "Mate itaiharibu."

"Basi leta kichwa yako."

Mama aliirudisha kadi, akainama akatemewa, ndipo akabonyeza swichi. Kioo kikaangaza.

"Bado yuko ndani?" bibi aliuliza.

Mama akaufungua wasifu, akamsomea jina la mumewe, kisha akalirudia bila kuombwa.