Sema Kukanda

Jana, mlangoni pa duka moja la Makambako lenye kibao cha MASAJI, harufu ya mafuta ya nyonyo ilinirudisha jikoni kwa bibi yangu, Njombe, enzi za Mwingereza.

Nesi Mzungu wa misheni alikuwa amemkataza bibi kukanda watu, eti ni uchawi. Siku alipoteguka mguu, nesi huyohuyo akaletwa kwetu amebebwa.

“Nataka masaji.”

“Hiyo siijui. Hapa tunakanda.”

“Basi nikaange!”

Nilicheka. Bibi hakucheka. “Vinavyokaangwa ni viazi, mama. Sema kukanda.”

Alipolisema sawasawa, ndipo bibi akachovya vidole kwenye mafuta.

“Karibu masaji, bibi,” binti wa dukani aliniita jana.

“Nimekuja kukandwa,” nikamjibu, na sikuvuka kizingiti mpaka naye aliposema kukanda.