Nilivyomtafsiria Malkia

Nyinyi chekeni tu. Kazi yangu hapa mtaani Rhonda ni kushika maiki kwenye ukumbi wa video na kuwatafsiria watu Kizungu cha sinema. Jumapili tuliweka sehemu ya pili ya komedi tuliyoipenda tukiwa watoto. Waigizaji sasa wana mvi, na safari hii kuna malkia mweusi. Alipofungua mdomo, nikapunguza sauti ya sinema kama kawaida yangu, nikamtungia maneno ya kuchekesha: “Nani amekula chapati zangu?”

Hakuna aliyecheka. Mathe mmoja, mama wa makamo aliyekaa karibu na spika, akanigeukia.

“Boss, hebu nyamaza. Huyo anaongea Kiswahili.”

Nikaongeza sauti.

“Tumewangoja miaka mingi,” malkia alikuwa akisema. “Karibuni nyumbani.”

“Asante!” ukumbi mzima ukaitikia.

Mimi nilibaki na maiki mkononi, sina cha kutafsiri.